Ajira kwa Kompyuta Zisizo na Kazi

Kwa fahari kubwa, Kamati ya Ajira kwa Kompyuta, ambayo mimi, Mama Gaudensia, mhitimu wa kisomo cha watu wazima, ni katibu wake, inautangazia umma wa Tabora kwamba mtaa wetu umekomesha uzembe wa mashine.

Chanzo ni Daktari Elieth, mtafiti wa dawa ya malaria. Alituomba tuziache kompyuta zetu zikiwaka wakati hatuzitumii, ili kupitia mtandao zimsaidie kupiga hesabu zake. Alisema apendaye ajitolee, maana umeme una gharama. Mtendaji wetu, Bwana Mabruki, aliliboresha ombi hilo: kujitolea kukawa lazima. Alitukumbusha kwamba babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka Kwihara hadi pwani. Sisi tutashindwaje kubeba hesabu, ambazo hazina hata uzito?

Aliyenung'unika ni Zuwena peke yake, fundi cherehani. Kompyuta ya mwanawe, Nasri, ilikula umeme wa LUKU aliolipia hata pasi ikapoa, nguo za wateja zikabaki na mikunjo. Kamati ilimfafanulia kwamba mikunjo hiyo ni mchango wake kwa sayansi. Akavumilia, kwa kuwa alihitaji barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji. Bila hiyo, Nasri asingepokelewa chuoni Ijumaa. Kila alipokwenda aliambiwa asubiri, kompyuta ya ofisi imezidiwa na kazi.

Alhamisi, Daktari Elieth alikuja ofisini kumpongeza mshindi, yaani mwenye kompyuta iliyopiga hesabu nyingi kuliko zote. Mtendaji alivaa suti. Daktari alieleza kwamba programu yake ina adabu: mwenye kompyuta akigusa kibodi tu, yenyewe husimama ikampisha. Kwa hiyo achangiaye zaidi ni yule asiyeigusa mashine yake.

"Na iliyoongoza mtaa mzima," akasema, "ni hii ya ofisi. Tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa, haijatusimamisha hata mara moja. Hongera sana, baba."

Kamati ilipiga makofi kwa mujibu wa utaratibu. Zuwena akasogea mbele, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, mama."

"Pole na kazi."

Watu walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Mtendaji akaketi, akaivuta kibodi aandike barua ya mwana wa Zuwena.

Kamati inasikitika kuutaarifu umma kwamba utafiti wa malaria ulisimama kwa muda mrefu alasiri hiyo, Mtendaji alipokuwa akiitafuta herufi Z.