Waheshimiwa Waketi Mbele ya Mashua

Mkuu wa Shule Madam Murugi, Naibu wako, Naibu wa Naibu, mlezi wetu Mwalimu Kinyua wa Fizikia, viranja wa mabweni yote, mpishi mkuu, mgeni yeyote aliyepotea njia akielekea Skuta, na ninyi wanafunzi wenzangu mlioletwa hapa na kengele wala si mapenzi: itifaki yote ikiwa imezingatiwa, mimi Muriithi, Mwenyekiti wa Klabu ya Mashua, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, ingawa karatasi ya hotuba nimeishika juu chini. (Kicheko.)

Mnajua kwamba klabu isiyo na kitu cha kuonyesha leo itavunjwa, na wanachama wake, ambao mimi ni asilimia hamsini yao, watahamishiwa Klabu ya Mdahalo, mahali ambapo mtu hulazimishwa kuzungumza mbele ya watu. Hilo uongozi wangu hautaliruhusu. (Makofi machache, ya Nimo, katibu wangu, ambaye ndiye asilimia iliyobaki.)

Mradi wetu wa mashua ya mbio yenye tumbo bapa, itakayoteleza kwenye mifereji ya mpunga ya Wang'uru, umezingatia dezain, mkakati, wadau na pafomansi. Kitaalamu, mashua ya namna hii haipasui maji bali hupanda juu yake. Uzito ukizidi mbele, pua huzama, na ukizidi nyuma, pua huinuka na kuyapiga maji kama mlango ulioachwa wazi kwenye upepo. Haya nimeyasoma vitabuni, kwa kuwa maji yenyewe nayaogopa. Basi kamati yangu, baada ya vikao vingi na chai, iliamua: Mkuu wa Shule mbele, mlezi mbele, Mwenyekiti mbele, maana hakuna sherehe katika kaunti hii ambapo mheshimiwa huketishwa nyuma ya hema.

Nimo alipinga. Aliweka trei ya kantini ielee kwenye karai la maji, akapanga viazi badala yetu, vyote mbele, na viazi vya heshima vikazama vyote. "Mwenyekiti, si urudi nyuma kidogo," akaniambia. "Ama unataka Madam akunywe maji?" Nilimjibu kwamba kiazi hakina cheo. (Mwanafunzi Theuri, kutoka nyuma: "Lakini iko na akili kukuliko.")

Asante, Theuri. Baada ya mashauriano ya kina, tuliamua waheshimiwa wakae nyuma, ila nyuma ya mashua iitwe mbele, ili kiitifaki wasiwe wamesogea hata kidogo. (Nimo: "Na injini iko huko huko. Hiyo pua itaangalia Mlima Kenya.") Nayo ndiyo itakuwa mashua ya kwanza ya shule kutazama juu kiasi hicho. (Makofi. Madam anacheka ndani ya leso.)

Tumbo bapa! (Wanafunzi: "Teleza!") Uzito sawa! (Wanafunzi: "Maendeleo sawa!")

Mwisho, namshukuru mwalimu wa hesabu kwa chaki, na mpishi kwa kutuachia sakafu ya veranda ya bwalo, ambapo mashua yetu ilikuwa imechorwa kwa urefu wake kamili, hadi mvua ya jana ilipoifuta yote, pamoja na injini. Asubuhi Nimo aliniambia, "Enda tu uongee. Hakuna kitu ingine tuko nayo." Nimeongea. (Makofi marefu, watu wanasimama.)

Tafadhali, ketini. Msipige makofi. Mwalimu wa Mdahalo anaandika jina langu.