Siafu na Kibandiko cha Chanjo

Jumatatu, 4 Machi
Furaha! Siafu kapata nafasi kwenye utafiti wa chanjo ya surua. Siafu ni mwanangu, miaka miwili. Jina kapewa na nesi aliyemsogelea na sindano, akang'atwa. Mara tatu tumerudi nyumbani bila chanjo, na surua imeshaingia mtaa wa pili. Roho haitulii.

Hii haichomi. Ni kibandiko kama plasta, kina vijiba vidogo vya dawa, kama miiba, vinavyoyeyukia kwenye ngozi. Sharti: kikae mkononi dakika tano. Keshokutwa wanamjaribu kwa kibandiko kitupu, Ijumaa chenye dawa. Akishindwa mara mbili, jina linakatwa.

Mama mkwe kasema mtoto hushikwa, hafanyiwi ujanja. Mimi nina mpango wangu!

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi. Nimenunua plasta pakiti nzima. Siri nimeipata: anatulia akijua ataibandua anibandike mimi. Mpaka mchana nina tatu usoni, paka ana moja. Baba yake kaenda kazini na yake kisogoni, mafundi wenzake wakamwita Mgonjwa kutwa nzima. Mama mkwe kauliza nani anamfundisha nani. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Mtafiti ni dada mpole. Kambandika, Siafu hakulia! Nikamtupia mama mkwe jicho la ushindi. Sekunde ya kumi akakibandua, akambandika mtafiti puani. Chumba kizima kicheko. Nikaeleza kuwa mtoto ni mkarimu. Mtafiti akasema ukarimu kauona, ila saa haikuuhesabu. Imebaki Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango mpya: soksi mkononi. Kaivua kwa meno. Siafu bwana! Nikalia jikoni, kidogo tu. Mama mkwe akanisogezea chai, akasema, mwanangu, kesho niachie mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Leo chenye dawa. Mtafiti akakigandamiza mpaka kikakaa. Hapo hapo mama mkwe akamtia mtoto mgongoni, mbeleko juu, mikono yote ndani, akazunguka chumba akiimba. Mtafiti anaangalia saa, mimi nauma kucha. Dakika tano! Siafu kasinzia! Vijiba vyote vimeyeyuka, umebaki wekundu kidogo tu mkononi. Nikamkumbatia mama mkwe mpaka akaguna. Akasema, si nilikwambia, mtoto hushikwa. Nikamjibu ndiyo mama, ila aliyemtuliza ni mazoezi yangu. Alicheka hadi akatafuta kiti.

Jumamosi, 9 Machi
Siafu mzima, anakimbiza paka. Sasa kunyoa! Anaogopa mashine kama alivyoogopa sindano. Mama mkwe kajitolea kumshika. Nikamshukuru, nikamwambia njia yangu imeshathibitishwa na watafiti. Mazoezi yameanza asubuhi: yeye ananinyoa mimi kwanza. Anatulia ajabu! Nywele zangu upande wa kushoto zimeisha.