Vifaru vya Mafuta ya Alizeti

Jumatatu, 14 Julai

Fundi amepatikana. Fundi ni mimi!

Abdulhamidi, mtoto wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Singida mjini, ana meza ya mchezo wa vita barazani kwao. Vifaru vyake ni vya plastiki, saizi ya kidole gumba, vya kijivu kama panya. Jumamosi wageni wanatoka Dodoma kuja kucheza naye. Hataki aibu. Anataka kila kifaru kiwe na jina na nembo, kwa mkono, bila stika.

Nikamwambia Bro, umefika penyewe. Lile lori la fuso linalobeba alizeti toka Kinampanda, lenye maandishi ubavuni, unadhani nani alikuwepo? (Nilishika kopo la rangi. Kushika kopo ni nusu ya kazi.)

Masharti yake: vifaru vitatu nipake mimi, vitatu apake binamu yake Sikudhani. Atakayemshinda mwenzake ndiye ataongoza jeshi Jumamosi. Kuongoza jeshi! Mimi, ambaye mwaka mzima nimecheza kwa macho tu. Kile kiti cha kamanda pale mezani nakitaka kuliko pilau ya sikukuu.

Sikudhani kazi yake kupaka maharusi hina. Maua! Adui atakufa kwa kucheka.

Jumanne, 15 Julai

Brashi za dukani nene kama ufagio. Nikamfuata beberu wa jirani, nikamwomba ndevu. Hakuafiki. Nimepata nywele chache na pembe pajani. Nimezifunga kwa uzi kwenye njiti ya kiberiti. Kisha nikaandika jina langu, LEONIDAS, kwenye punje ya mahindi. Punje moja! Shangazi Felista akasema aliyeshiba ndiye huandika kwenye chakula. Nikampa shikamoo ya pili ili yaishe.

Nikapita kwa Sikudhani kupeleleza. Anapaka rangi kidogo, anakiweka kifaru pembeni, anakunywa chai. Nikamwuliza unachora au unaanika? Akasema rangi ina saa yake kama hina, na kwamba we Leonidas utakuja kuumbuka. Nimecheka njia nzima.

Jumatano, 16 Julai

Balaa! Thina ya kuzimulia rangi imeisha. Rangi nzito kama ugali wa mtama, haishuki kwenye ndevu za beberu. Nikaombe kwa Sikudhani? Bora nife. Nikaombe dukani? Abdulhamidi atajua ile aliyonipa nimeimalizia kuoshea vidole.

Nimezunguka jikoni kama mwizi. Na pale pembeni, dumu la alizeti la Shangazi. Mafuta yanayofuatwa na malori ya mikoa yote! Rangi ya mafuta inataka nini kama si mafuta? Nikajiuliza kwa nini mafundi wa nchi hii hawajaligundua hili. Jibu: hawana kichwa changu.

Matone machache tu. Loo! Brashi inateleza yenyewe. Herufi nyembamba, zina mikia. Kifaru cha kwanza: USINIGUSE. Cha pili: MWENYE WIVU AHAME. Cha tatu nimekichorea flamingo wa Ziwa Singidani, mguu mmoja juu. Nilipofika kwenye jicho sikupumua.

Alhamisi, 17 Julai

Havijakauka.

Nimeviweka juani, juu ya banda la kuku. Upepo wa Julai haumjui fundi wala mwanafunzi: umeniletea vumbi, makapi na unyoya. Unyoya nimeutoa kwa sindano. Flamingo amepoteza goti. Nimemchorea jipya. Kwa mafuta yaleyale.

Abdulhamidi akatokea ghafla. Akapiga mluzi. Akanyoosha mkono akishike kimoja. Nikaruka! Nikamwambia Bro, sisi mafundi tuna miiko, kazi haishikwi kabla ya siku yake. Akaniamini! Akasema vyangu vinang'aa kuliko vya Sikudhani, kwa hiyo kiti ni changu. Ila vifaru vyake vikiharibika, nisikanyage tena barazani kwao. Nikaitikia haraka.

Ijumaa, 18 Julai

Bado! Nimepuliza. Nimepepea kwa ungo. Nimesali. Nimevisogeza kwenye jiko la mkaa mpaka mtutu mmoja ukaanza kuinama, nikaunyoosha kwa meno. Kidole kikigusa kinatoka chekundu.

Jioni akili ikaja. Unga! Unga wa mtama, nimeuchekecha juu yake kwa kitambaa, kidogo kidogo. Havinati tena. Na vimependeza, kama vimetoka mapiganoni vikiwa na vumbi lao. Haya, nani fundi?

Jumamosi, 19 Julai

Nilikaa kwenye kiti. Iandikwe hivyo. Nilikaa!

Kiongozi wa wageni wa Dodoma anaitwa Raymond, ana miwani na tepu yake mwenyewe ya kupimia mwendo wa vifaru. Akainamia jeshi langu, akasema hilo vumbi la vita ni la kitaalamu, nimetumia nini? Nikasema ni siri ya ukoo.

Vifaru nikawa navisogeza kwa kushika mtutu tu. Dadu zikanipenda. Nikalipua lori lake. Nikalipua na la pili. Watu barazani wakasogea mezani.

Ndipo nikamwona sisimizi juu ya MWENYE WIVU. Nikampuliza. Akaenda kuwaita ndugu zake. Wakapanda mguu wa meza kwa mstari ulionyooka kuliko jeshi langu. Mafuta na unga! Nilikuwa nimewapikia maandazi. Nikaweka kiwiko njiani. Wakapanda kiwiko. Nikatabasamu huku naumwa.

Raymond akauliza, kwa upole kabisa, kama na wale ni wangu, maana kanuni hazisemi lolote juu ya jeshi la tatu. Watu wakaangua kicheko. Akakiokota USINIGUSE awapulize wadudu. Kikamganda. Alipokibandua, jina lilibaki kiganjani kwake, na kifaru kikabaki na mabaka kama mwenye upele.

Abdulhamidi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, Leonidas, nyanyuka.

Akakaa Sikudhani. Vifaru vyake vina maua ya hina toka minyororo hadi mtutuni, vikavu kau. Akashinda. Kwa maua! Alipopita akaniambia pole fundi, wageni wako wameshiba?

Jumapili, 20 Julai

Nimeosha vifaru kwa sabuni, nimevirudisha vikiwa vya kijivu, nimepiga magoti. Abdulhamidi akavihesabu kimoja kimoja. Mwisho akanipa lori moja dogo la plastiki nilipake. Jumamosi ijayo likija limekauka, nitakaa kitini. Likija bichi, asinione tena.

Sikudhani kanipa chupa ya thina bila kuombwa. Akasema paka, acha, ngoja. Nikashukuru kwa adabu. Chupa iko chini ya kitanda. Mimi sichori kwa hisani ya adui.

Tena kosa nimeshaligundua. Mafuta hayakauki, hilo hata mtoto anajua! Kilichotakiwa ni kitu kizito, kinachoshika. Jirani kaleta asali mbichi kutoka Mgori. Nimechovya brashi. Herufi ya kwanza imesimama kama askari, inang'aa!

Na sisimizi safari hii hawaniwezi. Nimewamwagia sukari pembeni kabisa ya lori, wale hiyo waniache.