Pweza Ana Moyo Mmoja, na Sibanduki Hapo

Jumatatu, 3 Machi

Miaka sita nimeongoza wageni katika jumba hili la viumbe wa baharini. Miaka sita! Hakuna aliyewahi kunibishia, ukiondoa watoto, wazee, na bwana mmoja aliyedai ni mvuvi. Leo meneja kaniletea mwenzangu. Mwanamke mwembamba, miwani mikubwa, kasomea wanyama hawa hawa. Nimempa jina: Bi Kitabu.

Saa nne nilikuwa mbele ya tangi la pweza na wageni kumi na wawili. Nikawaambia pweza ni samaki mwenye mikia minane, moyo mmoja, na damu nyekundu kama yetu. Bi Kitabu akakohoa. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba pweza si samaki bali ni jamaa wa konokono. Ile ni mikono. Mioyo ni mitatu. Damu ni ya buluu. Wageni wakamgeukia. Wote! Hata yule mama niliyemshikia mwavuli.

Mioyo mitatu. Mimi ninao mmoja na unatosha kabisa kumchukia mtu.

Jioni meneja katangaza. Jumamosi tunafungua tangi jipya la pweza. Waheshimiwa watakuja. Mmoja wetu atashika kipaza sauti, na akifanya vizuri ndiye mkuu wa kitengo. Tatizo dogo: tangu mwaka juzi nimemwambia mama mkwe kwamba mkuu wa kitengo ni mimi. Nikamwalika papo hapo, nisije nikaonekana mwoga.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu. Nimetundika sanduku la maswali mlangoni: MUULIZE MTAALAMU. Mtaalamu ni mimi.

Maswali kumi na manne kabla ya saa sita! Nikabandika majibu ukutani kwa hati yangu nzuri. Je, pweza huzamisha meli? Ndiyo, zikiwa ndogo. Wino wake ni sumu kali? Sana. Mkono ukikatika huota tena? Haiwezekani, mkono si ukucha. Je, ana akili? Kiasi, kama kuku.

Nimerudi kutoka kunywa chai, kila jibu lina mstari mwekundu. Chini yake, herufi ndogo ndogo. Hazamishi meli. Wino ni wa kumchanganya adui apate kukimbia. Mkono huota. Akili anazo, hata sura za watu huzitambua.

Sura za watu! Nimecheka peke yangu mpaka fundi bomba akaja kuuliza kama niko salama.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala nikiwaza. Ikiwa kweli pweza hutambua sura, basi anaweza kufundishwa kumchukia mtu. Na mtu huyo si lazima awe mimi.

Bi Kitabu alipokwenda kwa meneja, nikavaa koti lake jeupe. Miwani yake ya akiba pia. Sikuona kitu, lakini pweza aliniona, na hilo ndilo lilikuwa lengo. Nikafungua kifuniko, nikamtikisia fimbo, nikamnyima samaki mbele ya macho yake. Nikasema kwa sauti nyembamba: mimi ndiye Bi Kitabu, nikumbuke vizuri.

Akanipulizia maji usoni. Safi sana! Chuki imeingia.

Nikavua kila kitu, nikasimama pembeni kama mimi. Bi Kitabu akarudi, akavaa koti lile lile. Pweza akamnyooshea mkono taratibu, akapokea samaki kama mtoto wa shule bora. Kisha akanigeukia mimi, hatua tatu kutoka tangini, akanilowesha kuanzia kola hadi soksi.

Bahati mbaya tu. Upepo.

Alhamisi, 6 Machi

Pweza hayupo tangini!

Meneja aliuliza nani aligusa kifuniko jana. Nikasema hata kama kingebaki wazi upana wa vidole viwili, kichwa kama boga kingepitaje? Bi Kitabu akasema hana mfupa hata mmoja. Kitu kigumu kwake ni mdomo tu, mfano wa mdomo wa kasuku, na unapopita mdomo, mwili mzima unafuata.

Akamkuta tangi la jirani. Amenenepa. Tangi la jirani lilikuwa la kaa, kaa tisa. Sasa ni la magamba.

Meneja akataka ripoti ya maandishi. Niliandika kwamba kaa wamehama kwa hiari yao.

Katikati ya vurugu hizo nani anatokea? Mama mkwe! Kaniletea chakula cha mchana, eti apajue kazini kwangu kabla ya Jumamosi. Nami natoka kusafisha tangi, nina maganda ya kaa mpaka kwenye nywele. Nikajifungia chumba cha mafagio. Saa nzima! Nilisikia Bi Kitabu akimkaribisha, akimtembeza, wakicheka. Sijui walichokuwa wanazungumza. Bila shaka mapishi.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Kitabu amesalimu amri! Kanijia stoo, akasema:

"Kaka, mama mkwe wako anakuja kesho kwa ajili yako. Shika kipaza sauti wewe. Nimeshamwomba meneja, amekubali. Ila pitia hii."

Karatasi moja, pande zote mbili, kila swali na jibu lake. Nikashukuru. Meza yangu ina mguu mfupi, karatasi imekaa vizuri sana pale chini.

Nilipomsimulia mke wangu, akauliza kwa nini nisiisome tu. Nikamwambia simba hamuulizi swala njia. Akasema simba hana mama mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote, historia inihukumu.

Waheshimiwa safu ya mbele. Mama mkwe katikati yao, kanga mpya, mkoba magotini. Nikashika kipaza sauti. Pazia likavutwa. Tangi tupu! Mawe matupu. Watu wakaguna. Nikasema pweza amelala, mtamwona siku nyingine.

Mheshimiwa mmoja, mtu mnene mwenye sauti nzito, akauliza kama ni kweli pweza ana mioyo mitatu.

Bi Kitabu alikuwa nyuma ya umati. Alininyooshea vidole vitatu. Nikaviona. Naapa niliviona. Ningesema mitatu, ningekuwa mkuu wa kitengo na mama mkwe angenisifu mtaa mzima. Lakini huyu mwanamke ananifundisha mimi? Miaka sita?

Nikasema: "MMOJA!"

Mama mkwe akasimama.

"Baba, ni mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, yale anayopumulia. Mmoja unaipeleka mwili mzima, na akiogelea huo unasimama. Ndiyo maana hupenda kutambaa, asichoke." Akaelekeza kidole tangini. "Na hajalala. Yule pale, lile jiwe lenye macho."

Jiwe likapepesa macho, likageuka jekundu, likanyoosha mikono minane. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mheshimiwa akamuuliza hili na lile, naye anajibu kama anasoma. Katembezwa saa moja tu Alhamisi, na anajua yote!

Matokeo: Bi Kitabu ni mkuu wa kitengo. Mama mkwe ameombwa aje kila Jumamosi kuongoza wageni. Mimi nimehamishiwa kwa kasa.

Nyumbani mama mkwe alinipakulia mwenyewe, nyama kubwa kubwa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Akaniambia, bila ukali hata kidogo, kwamba kutojua si aibu, aibu ni kung'ang'ania. Nikamshukuru kwa dhati.

Kisha nikamwambia ni mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza kwa kasa. Wanyama watulivu, hawapulizi maji, hawana majirani wa kula. Bi Kitabu kaniachia kijitabu juu ya kiti. Nimekikalia.

Mgeni wa kwanza, baba mmoja na binti yake, akauliza kama ni kweli kasa hawezi kutoka ndani ya gamba lake. Nikamweleza kwa kituo kwamba hulivua kila akilala, kama mtu na koti, na asubuhi hulivaa tena.

Bi Kitabu alikuwa anapita. Ndoo ikamponyoka.

Wivu mtupu.