Vita Vyangu na Fyuzi Kuu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kenton, kwa Waingereza. Mvua. Fundi wa chaja ya gari kaja, kafungua stoo chini ya ngazi, kamulika tochi, kaondoka. Hajafunga chochote! Anadai fyuzi kuu ya nyumba yangu ni ya ampea sitini, na chaja inataka ya mia. Anadai fyuzi hiyo ni mali ya kampuni ya umeme, ina lakiri, na mimi siruhusiwi kuigusa. Siruhusiwi! Ndani ya nyumba yangu! Nikamuuliza ni uchaguzi gani ulioipa kampuni mamlaka juu ya ngazi zangu. Akasema ana kazi nyingine Wembley.

Jirani yangu Harjit alikuwa nje anasikiliza, kama kawaida yake. Singasinga wa Moshi, Kiswahili chake kinanipiga chenga mimi wa Songea, na gari lake linachajiwa kwa chaja ya ukutani. Langu linanyonya umeme kwa waya uliopita dirisha la jikoni. Akaniambia, "Profesa, wapigie simu tu. Mimi walinibadilishia bure."

Bure! Nimeandika makala kumi na moja dhidi ya makampuni ya umeme, katika mabara mawili. Nawajua. Nitaibadilisha mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma kutwa. Nimesoma kupita kiasi. Kumbe fyuzi kuu ikichomolewa vibaya hutoa moto wa kuyeyusha shaba, sembuse mtu wa Songea. Nikafunga kompyuta. Nikaifungua tena.

Mke wangu Generosa ni muuguzi katika wodi ya walioungua. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtafiti, wanaopigwa na umeme huletwa wakiwa katika hali gani. Akaacha kukata mchicha. Akasema wa mwisho alikuwa na umri wangu na ujuzi wangu, yaani hana. Kisha: "Baba Vaileth, ukiligusa lile boksi na ukapona, nitakumalizia mimi." Binti yetu Vaileth akadakia kwa Kiingereza kwamba zipo video za watu kama mimi, na zote ni fupi.

Sikulala vizuri. Lakini Harjit asinione nimerudi nyuma! Kesho Generosa ana zamu ya jioni.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Nilijiandaa kisayansi. Mabuti ya mpira. Glavu za njano za Generosa za kuoshea vyombo. Koleo. Na testa yangu niliyotoka nayo Songea, ile bisibisi ya kupimia umeme yenye kitaa ndani ya mpini. Nikazima swichi kuu. Nyumba giza. Mantiki safi: swichi imezimwa, umeme umekwisha. Nikafungua kifuniko cha bodi ya swichi. Nikaanza kukwaruza lakiri ya fyuzi.

Kabla ya kukata waya mnene utokao kwenye mita, nikaugusa kwa testa, kujipongeza tu.

Kitaa kikawaka.

Swichi imezimwa na kitaa kinawaka! Chekundu, kama jicho. Hapo ndipo dunia ilipolipuka. PAA! Nikajua nimekufa. Nikaruka nyuma, nikaangukia ubao wa pasi kwa mkono wa kulia. PAA! tena. Nikatubu dhambi zote, pamoja na makala ya nne.

Zilikuwa fataki. Kila tarehe tano Novemba, Waingereza hulipua anga. Vaileth kamwita Harjit, naye Harjit akakuta miguu yangu tu iko nje ya stoo. Akauliza kama mabuti yale ni namba tisa, maana ndiyo anayovaa yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Harjit kanieleza mbele ya mke wangu, bila hata kucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Swichi kuu huzima umeme unaokwenda vyumbani. Waya unaoingia kutoka kwenye mita hauzimwi nayo, uko hai saa zote. Tena, anasema, testa ya namna ile huwaka kwa kupitia mwilini mwako, kidole kikigusa chuma cha mwisho wa mpini. Ukivaa glavu nzima haiwaki, hata waya uwe na moto wa kuendesha treni.

Generosa akachukua glavu ya kulia, akaivaa. Kidole chake cha shahada kikatokeza nje. Tundu!

Bila tundu lile kitaa kisingewaka. Ningekata.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi na sare yake ya kazi, akakitazama kile kidole. Kisha akaipigia simu kampuni.

Jumatatu, 17 Novemba

Fundi wa kampuni kaja, mwanamke anaitwa Ann. Mimi nilisimama barabarani. Kabadilisha fyuzi kabla chai haijapoa. Bure kweli! Ila akauliza nani alikwaruza lakiri. Nikasema panya. Generosa akauliza kama panya wa Kenton siku hizi wanatembea na koleo. Ann akaandika kitu. Tangu hapo kila gari likisimama nje nadhani ni polisi.

Akasema pia bodi yangu ya swichi imezeeka, ibadilishwe na fundi aliyesajiliwa. Aliyesajiliwa! Na nani? Harjit akapunga mkono kutoka kwake: "Karibu kwenye mia, Profesa!"

Jumamosi, 22 Novemba

Generosa kazini. Vaileth yuko Peckham, anasukwa nywele. Harjit kaenda hekaluni.

Nimetafakari kwa kina: bodi nitaibadilisha mwenyewe. Kosa langu lilikuwa moja tu: vifaa duni. Nimenunua glavu mpya, nene, nyeusi, zinafika kwenye viwiko. Nimezipuliza kama puto kutafuta tundu. Hakuna.

Hofu imeniisha kabisa. Nimefungua bodi na kugusa kila waya kwa testa, mmoja baada ya mwingine. Kitaa hakiwaki hata kidogo.

Swichi kuu nimeiacha ilivyo. Ya nini kufanya kazi gizani?