Vidole Vitatu Chini ya Kwapa

Habari ilifika kijiweni kabla chai haijachemka. Manyang, kijana ambaye urefu wake umemfanya aitwe Twiga kutoka kambi ya wakimbizi mpaka Nadapal mpakani, aliinua simu yake juu ya vichwa vya watu wote akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"'Mheshimiwa awasimamisha wananchi. Watu mia moja na ishirini wa Kakuma wapokea magongo ya kisasa ya kwapani, saizi moja inayomfaa kila mtu.' Na picha hapa mbele ni ya nani? Si ni Network! Buda, umekuwa staa!"

Wote wakageuka kumtazama Ereng.

Staa mwenyewe alikuwa ananing'inia kwenye magongo yake. Mtu mwenye huruma angesema amesimama, lakini mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka kwenye masikio, shingo haijulikani imeenda wapi, na miguu yake, ule wa plasta na ule mzima, yote miwili ilikuwa inaitafuta ardhi. Alifanana na koti lililosahauliwa kwenye msumari.

Ereng ni fundi wa simu, na kibanda chake kimepakana na benchi hilo la chai kando ya barabara ya kwenda Lokichoggio. Jina la Network alilipata wiki tatu zilizopita, siku alipopanda juu ya paa kunyoosha antena na bati likamkataa. Plasta alipigwa Lodwar, magongo alipewa Kakuma, na jina akapewa bure.

"Ejok, staa," Lopeyok alimsalimia kwa Kiturkana, akimsogezea nafasi kwenye benchi.

Huyu Lopeyok wanamwita Kura Tatu. Aligombea udiwani akapata kura tatu: moja yake, moja ya mamake, na ya tatu mkewe anaapa mpaka leo kwamba si yeye.

"Ejok nini!" Ereng akajibu. "Msinicheke. Mkono umekufa."

"Umekufa aje?"

"Vidole. Hii na hii. Tangu Jumapili sisikii kitu. Jana nimeshika skrubu ya simu ya pasta, ikaanguka mara nane. Ya tisa nimeitafuta chini na ulimi."

Kicheko kikapasuka, lakini Ereng hakucheka. Alikuwa anavitazama vidole vyake vya mkono wa kulia kama mtu anayetazama wageni waliokataa kuondoka. Fundi wa simu bila vidole ni nani? Ni mtu aliyekaa kibandani na simu za watu.

"Hiyo ni damu," alisema Wasike, akiweka kikombe chini ili aheshimike vizuri. "Damu imelala."

Wasike ni mlinzi wa lango la zahanati moja mjini. Amekaa langoni miaka tisa, na kwa kuwa madaktari wote hupita mbele yake, anaamini udaktari nao umempitia. Ndiyo maana wanamwita Daktari.

"Damu imelala, tena usingizi mzito," akaendelea. "Kula maini. Na hapo juu kwa kwapa ongeza godoro. Mimi nilikwambia weka sponji, uliweka?"

"Niliweka."

"Ngapi?"

"Mbili. Nikafunga na gunia, juu yake leso."

"Ongeza ya tatu. Ukiona mkono bado unakufa, ujue kwapa bado haijastarehe."

"Daktari, akiongeza sponji ingine si atapaa?" Twiga aliuliza. "Sasa hivi anagusa chini na kidole kimoja tu cha mguu!"

"Wewe nyamaza, huko kwenu mnatibu ng'ombe."

"Na ng'ombe wanapona! Wewe nani amepona kwa hiyo lango yako?"

Kura Tatu akainua mkono kama yuko bungeni. "Waheshimiwa, waheshimiwa. Shida si damu. Shida ni huyu jamaa hajui kuegemea. Mimi nimemfundisha, hasikii. Network, babako alikuwa anachunga?"

"Alichunga."

"Alikuwa anasimama aje?"

Kura Tatu hakungoja jibu. Alichukua fimbo yake, akaichomeka kwapani, akaukunja mguu mmoja na kuweka unyayo juu ya goti la mguu wa pili, kisha akalegea mwili mzima akabaki amening'inia kwenye fimbo, macho yamefumbwa nusu. Ndivyo wachungaji wa huko wanavyosimama malishoni, mbuzi wakila, jua likiwaka, mtu anapumzika wima bila kuanguka.

"Unaona? Kwapa ndio kiti," alisema akiwa huko huko juu. "Unaiachia mwili yote. Mikono inakaa bure. Babu zetu wamesimama hivi mpaka wakazeeka!"

"Babu zako walikuwa wanatembea hivyo?" Twiga akauliza.

"Walikuwa wamesimama."

"Na Network anataka kutembea."

Kura Tatu akafungua macho. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Hebu lete nijaribu," Twiga akasema, akayavuta magongo huku Ereng akiangukia benchi. Akayaweka kwapani, akapiga hatua mbili, tatu, akageuka kwa madaha kama anaonyesha suti ya harusi. "Wacha! Hii kitu inanikaa poa! Imetengenezwa na mama yangu!"

Wakampima kwa macho, kisha wakampima Ereng. Twiga anainama kuingia hata kanisani. Ereng, kwa upande wake, ni yule Mturkana mmoja mfupi ambaye wageni humwuliza kama yeye ni wa Kisii.

"Si wamesema saizi moja inamfaa kila mtu," Wasike alinong'ona.

"Kila mtu ni Twiga," Ereng akasema.

"Yule wa ofisi aliyeagiza alisikia tu Waturkana ni warefu," Twiga akasema, "akaagiza mia moja na ishirini ya mnara."

Wakati wote huo, Mama Justin, mwenye chai, alikuwa anapita katikati yao. Jina lake la kwao Bukavu, Kongo, ni Christelle, lakini hakuna anayelitumia. Alikuwa na chupa ya chai ndani ya mfuko uliofungwa mgongoni, na chini ya mikono yake magongo mawili ya mbao yaliyong'aa kwa kushikwa. Alipita kwa Kura Tatu, akajaza kikombe. Akapita kwa Wasike.

"Mama Justin, ongeza sukari," Wasike alisema bila kumtazama. "Sasa Network, nikuambie, kuna mafuta ya kondoo, unapaka hapa kwa kwapa..."

Mama Justin akasimama. Akaegemea mbele kidogo, viganja vyake vimekamata vishikio, mabega yametulia.

"Banaume," alisema. "Miaka sita muko nakunywa chai yangu hapa. Munaonaka natembea na nini? Na mufagio?"

Wasike akaangalia magongo ya mama yule kama ndiyo yameshuka sasa hivi kutoka kwenye lori.

"Mama, sisi tulikuwa tunaangalia chai," Twiga akajitetea.

"Miaka kumi na moja niko juu ya ii miti. Nimevuka nayo mupaka mbili. Hakuna mutu hata moja ameniuliza. Muko nauliza mulinzi wa lango!" Akamgeukia Ereng. "Kaka, simama. Vaa kiatu ya kutembelea. Toa ile magodoro yote."

"Yote?"

"Yote! Kwapa haina kazi ya kubeba mutu. Kule ndani kunapita mishipa ya mukono. Weye unailalia kutwa, halafu unashangaa vidole vinakufa?"

Twiga akafungua leso, gunia, sponji moja, sponji ya pili. Mama Justin akaweka vidole vyake vitatu, vimelala kimoja juu ya kingine, chini ya kwapa la Ereng.

"Juu ya gongo inafika hapa. Vidole bitatu vinapita katikati. Vikikosa kupita, ni murefu. Ule ukuni wa juu unaubana na mbavu, hauukalii. Sasa lega mukono. Kishikio kinakuja hapa kwa kifundo cha mukono, ukishika mukono unakunjika kidogo tu. Uzito wako wote, kwa viganja. Viganja ndiyo miguu."

"Na fimbo ya babu?" Kura Tatu akauliza kwa sauti ndogo.

"Babu wako alikuwa anangoja mbuzi."

Kisha akageuza gongo la Ereng akakagua mpira wa chini, akaukwaruza kwa ukucha. "Mupira ni muzima, bado una mistari. Ukilainika, tupa, utateleza mbele ya watu. Sasa ushushe. Ii ya chuma iko na matundu na kibonye, si kama yangu ya mbao."

"Matundu yako wapi?"

Wote wakainama kutafuta. Pale ambapo matundu yangekuwa, palikuwa na mheshimiwa. Kibandiko kimezungushwa chuma chote, kigumu, kinang'aa, kuanzia paji la uso mpaka tai nyekundu, na chini yake maneno: AMENISIMAMISHA. Kwenye kila gongo, mheshimiwa alikuwa anatabasamu juu ya matundu yote manane.

"Basi mbandue," Twiga akasema.

"Usimguse!" Kura Tatu aliruka. "Network, usimguse mheshimiwa! Mimi nimepeleka jina langu kwa kamati ya magongo, bado wanafikiria!"

"Na waliniambia," Ereng akasema polepole. "Siku ya kupokea. Kibandiko kikitoka, magongo yanarudi. Na leo saa sita wanakuja kunirekodi nikishukuru."

Wasike akaangalia saa. "Saa tano na nusu."

Ereng akajaribu kukikunja kidole cha shahada. Kilikunjika nusu, kikasimama. Aliwaza zile simu kumi na saba kibandani, kila moja na mwenyewe anayepita asubuhi kuuliza. Akajua kwamba akimshukuru mheshimiwa vizuri leo, wiki ijayo atakuwa anamshukuru kwa mkono wa kushoto.

Akajaribu kushika ncha ya kibandiko. Vidole vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza. Basi akalivuta gongo mpaka mdomoni na kumng'oa mheshimiwa kwa meno, akianzia kwenye tai.

"Uuu!" Kura Tatu akafunika uso.

Gongo la pili nalo likapita mdomoni. Twiga akabonyeza, akashusha matundu matano. Ereng akawaelekeza wafungue skrubu za vishikio wavipandishe mpaka kiganja kikaridhika. Kisha akasimama. Mabega yakashuka mahali pake, visigino vikapata ardhi.

"Kumbe ako na shingo!" Wasike akashangaa.

Hajafika hatua ya sita, gari likasimama. Akashuka Byron, msaidizi wa mheshimiwa, shati jeupe lisilojua vumbi, simu iko juu ya kijiti.

"Habari, wananchi. Tunaenda kurekodi haraka, niko na ingine Lodwar." Akatazama gongo la kwanza. Akatazama la pili. "Mheshimiwa ako wapi?"

Wasike akasogea kidogo kwenye benchi, na mheshimiwa akasogea naye, amenata nyuma ya suruali.

"Tulielewana!" Byron akafoka. "Kibandiko ikitoka, magongo inarudi. Lete."

"Alikuwa amekaa kwa matundu," Ereng akasema. "Sikuweza kuipunguza. Vidole zangu zimekufa."

"Hiyo si yangu. Lete!"

Watu wa barabarani walikuwa wameanza kusimama. Ereng akawatazama, akamtazama Byron, kisha akamnyooshea magongo yote mawili, akabaki anayumba juu ya mguu mmoja.

"Chukua. Lakini washa hiyo simu kwanza. Nirekodi nikiruka mpaka kibandani. Andika hapo chini, amenisimamisha."

Akaruka mara moja. Watu wakaguna. Akaruka ya pili, plasta ikining'inia, na mwanamke mmoja kwenye kundi akasema kwa sauti, "Wanamnyang'anya kiwete magongo, mchana hivi!"

Byron akaizima simu ambayo hata hakuwa ameiwasha. Akamfikia Ereng, akamrudishia magongo chini chini kama anapitisha kitu cha magendo.

"Basi baki nayo," akanong'ona. "Lakini usionekane ukitembea nayo barabarani."

"Nitembee nayo wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya kibanda? Ni hatua moja na nusu!"

"Hiyo inatosha," Byron akasema, akapanda gari.

Kijiwe kikacheka mpaka chai ikamwagika. Mama Justin peke yake hakucheka, alikuwa anahesabu vikombe.

Kufikia Jumamosi Kakuma nzima ilikuwa inapimana makwapa. Watu wenye magongo ya mheshimiwa walipanga foleni mbele ya benchi, Mama Justin akiweka vidole vitatu, Twiga akibonyeza vibonye. Mama alikataa kumpima yeyote ambaye hajanunua chai. Kura Tatu aliteuliwa mwenyekiti wa foleni, na kwa mara ya kwanza maishani alipita bila kupingwa. Nyuso zilizobanduliwa zilipata kazi mpya: moja ilikuwa inaziba tundu la mtungi wa maji, nyingine kwenye ubavu wa mbuzi mmoja aliyekuwa anajulikana sasa kwa cheo.

Vidole vya Ereng vilichukua muda wao. Siku ya pili vilianza kuwasha kama vina siafu, siku ya tatu vikakamata kikombe. Mama Justin alimwambia kama wiki ikiisha bado, akwee lori arudi Lodwar kwa daktari wa kweli, na Wasike akajifanya hakusikia neno la mwisho.

Siku ya tano Ereng alikaa kibandani na simu ya pasta. Kijiwe chote kikasogea kumwangalia. Akachukua skrubu. Ikakaa. Akachukua chuma cha kulehemu, kimepata moto, akakisogeza, na kidole kikagusa ncha.

"Uuuwi! Nimeungua!"

"Umeungua?" Wasike akasimama.

"Nimeungua! Hii kidole! Inauma kabisa!"

Twiga akaruka mpaka akagonga bati. "Ameungua! Jamani, ameungua!" Kura Tatu akapiga makofi, Wasike akavua kofia, na Ereng akakiinua kidole chenye lengelenge juu ya kaunta kama kombe la ligi, machozi yakimtoka, anacheka.

Mama Justin akampitia na chupa yake mgongoni, akamjazia kikombe.

"Ile ingine je?" akauliza.

Ereng akakitazama kile kidole cha pili. Akawatazama watu waliokuwa wanangoja. Akavuta pumzi, akakisogeza kwenye chuma.