Leo Baba Mkwe Amekuwa Namba Nne

Leo nimeaibika, jamani, na nimejifanyia mwenyewe. Kama una chai mdomoni, meza kwanza.

Mnajua kazi yangu. Tunazunguka tukiongea na watu kuhusu magonjwa, tunasikiliza wanachoogopa, halafu maneno yao ndiyo yanatengeneza matangazo ya redio na mabango. Safari hii ni saratani ya tezi dume. Swali ni moja: mbona wanaume wa hapa hawaendi kupimwa? Leo ilikuwa zamu ya Kanyakine. Wanaume wanane waliopita miaka hamsini, ndani ya chumba cha mikutano cha kiwanda cha kahawa. Na kwa mara ya kwanza kabisa, anayeongoza mazungumzo ni mimi! Madam, mkubwa wangu, alikaa kwenye kona na daftari lake akinitazama.

Jambo la pili mnalofaa kujua. Jumamosi hii nilikuwa nitoke Karurumo na wazee wangu, tuje hapa hapa Kanyakine kujitambulisha kwa kina Makena. (Jina nimebadilisha. Bado nataka kuoa.) Baba yake hajawahi kuniona. Mimi nimemwona kwa picha tu, kwenye simu ya Makena, amevaa kofia ya kahawia.

Basi wanaume wakaanza kuingia. Kila mmoja nambandikia karatasi yenye namba kifuani, kwa sababu majina hatutumii. Namba Moja, karibu. Namba Mbili. Namba Tatu. Wa nne akainama kidogo mlangoni, akavua kofia ya kahawia.

Ngai, Mungu wangu, ni yeye!

Sheria ya kazi yetu ni rahisi. Ukimjua mtu unasema, na mwenzako anachukua nafasi yako. Mimi nikajiambia: simjui, najua picha yake. (Hiyo ndiyo akili ya mtu anayetaka kupandishwa cheo.) Nikambandikia Namba Nne karatasi yake, vidole vinatetemeka.

"Asante, kijana," akasema. "Mbona unatetemeka? Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mzee."

Nikakimbilia kinasa sauti. Kimekataa kuwaka. Betri! Nikasema hakuna shida, nikaweka simu yangu katikati ya meza, kioo kikiangalia juu, nikaanza kurekodi. (Kuzima laini? Nani akumbuke kuzima laini?)

Mwanzoni tulienda vizuri. Namba Mbili alikuwa mcheshi.

"Hiyo maneno ya kupimwa tunasikia ni ya kidole huko nyuma," akasema. "Sasa mimi niko mzima, nitoke kwangu nikatafute kidole?"

Wakacheka. Nikawaeleza kwamba siku hizi mara nyingi wanaanza kwa kukutoa damu kidogo ya kupima. Wakaangaliana. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

"Lakini anayekupima," akasema Namba Saba, "ni msichana ako na umri wa kitinda mimba wangu. Huyo nitamwambia nini?"

Madam anaandika mbio. Mimi nikaanza kulegea, nikaona kumbe kazi naiweza. Namba Nne peke yake ndiye alikuwa kimya, anazungusha kofia magotini.

Sasa, katika kazi hii humuulizi mtu habari zake. Unamuuliza wanaume wa hapa husema nini. Mtu ataongea kuhusu jirani, na moyoni anajisema mwenyewe. Hilo nimefundishwa, nimelifanyia mtihani, nimepita. Madam akanionyesha Namba Nne kwa kichwa: muulize huyo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Mzee, na wewe, usiku unaamka kukojoa mara ngapi?"

Wenzangu, kwetu mbele ya baba mkwe hata neno choo unalitafutia njia ya kuzunguka! Nikatamani ardhi ipasuke. Madam akaacha kuandika.

Namba Nne akaitazama kofia yake.

"Mara tano," akasema. "Sita, nikinywa uji."

Hakuna aliyecheka.

"Ilianza mwaka jana. Mama hajui. Namwambia natoka kuangalia ng'ombe." Akarudi kuzungusha kofia. "Jumamosi kuna wageni wanakuja kuona msichana wangu. Sitaki wapate nyumba imejaa mambo ya hospitali. Wakienda, ndio nitaangalia. Ama nisiangalie kabisa."

Niliumia, sitadanganya. Kukojoa hivyo ni dalili ya shida ya tezi dume, na mzee anaificha kwa sababu ya wageni, na mgeni mwenyewe ndiye huyu amekaa mbele yake na karatasi ya maswali. Nikataka kusema kitu.

Hapo ndipo simu ikaita.

Uso wa Makena ukajaa kioo kizima, amebinua midomo. Juu yake pameandikwa MAMA WATOTO, na mioyo mitatu. Simu ikatetemeka, ikawa inasogea mezani taratibu, na kati ya watu wote wanane ikaamua kuelekea kwa Namba Nne.

Akainama. Akatoa miwani mfukoni. (Miwani, jamani! Alichukua muda wake, akaipangusa!)

"Huyu ni Makena," akasema.

Nikanyoosha mkono kuichukua, akanizuia.

"Watoto gani?"

"Hakuna watoto, mzee! Ni... ni mipango."

"Mipango," akarudia. Namba Mbili alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi ya kicheko yanamtoka.

Simu bado inaita. Namba Nne akaichukua, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Halo. Makena. Ee, ni baba. Huyu kijana yako ako hapa. Ananiuliza usiku nakojoa mara ngapi."

Ile "Woi!" ya Makena tuliisikia wote. Halafu simu ikakatika.

"Nyaga," akasema Madam, pole pole sana. "Unamjua huyu mzee?"

"Najua picha yake, Madam."

Nikatolewa nje. Nikakaa karibu na meza za kuanikia kahawa, nikihesabu hasara. Kazi, imeenda. Mke, ameenda. Wazee wangu wameshanyosha suti, nitawaambia nini? Karibu saa nzima nilikaa hapo, na kila kicheko kilichotoka ndani nilijua ni changu.

Hatimaye wakatoka. Namba Nne akaja moja kwa moja, kofia kichwani. Nikasimama.

"Wewe ndiye Nyaga wa Karurumo."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe, mzee."

"Jumamosi msikuje."

Nikaanza kugeuka niende.

"Kuja Alhamisi, peke yako," akasema. "Hiyo hospitali unatangazia watu, utanipeleka. Na usinishushe kwa geti ukimbie. Tutakaa kwa foleni pamoja mpaka niitwe. Siwezi kwenda na msichana wangu, na mama atalia. Wewe ushajua yote. Mambo ya wazee wako tutaongea nikitoka."

Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Na hii kisa ambia watu, wasikie. Lakini jina langu utoe."

Madam amenisimamisha, nisiongoze mazungumzo mpaka nijifunze kuzima simu. Lakini nilichungulia daftari lake. Maneno ya Namba Nne amewekea mistari miwili chini, na pembeni ameandika: redio, tuanze na hapa.

Kwa hivyo mliokuwa mmejialika Jumamosi, kaeni kwenu. Alhamisi niko kwenye foleni na baba mkwe. Na tafadhali msicheke bado, Makena hajaniongelesha.